Nguva Ndani ya Jiwe

Jumatatu, 21 Julai 2025

Nimefika Munje. Chumba changu kina dirisha moja, kitanda cha kamba, na ukuta wa mawe ya matumbawe usiopigwa lipu. Nimelala chali nikauangalia. Makombe, matawi ya matumbawe, kitu kama uti wa samaki. Nimekuja kufanya atachimenti ya chuo kwenye visukuku — viumbe vya kale vilivyogeuka mawe — na nimepewa chumba kilichojengwa kwa hivyo hivyo. Nimecheka peke yangu.

Mwenye nyumba ni shangazi Mwanarusi, binamu yake baba. Mama ndiye aliyepanga. Wenzangu wa mradi wamekodi nyumba Msambweni, ina feni na friji. Lakini mama alisema msichana halali nyumba moja na wanaume asiowajua, hata wakiwa madaktari wa chuo kikuu. Basi yakaisha.

Shangazi anaishi peke yake. Mumewe alifariki, na Swabir, mwanawe wa pekee, anafanya kazi Mombasa. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akanitazama miguu.

"Viatu hivyo havifiki Ijumaa," akasema.

Jumatano, 23 Julai

Havikufika hata Alhamisi. Soli moja imebaki mwambani.

Kazi yenyewe ni hivi. Daktari Menza, msimamizi wetu, anataka kujua bahari ilisimama wapi zamani. Mwamba tunaoukanyaga maji yakipwa ulikuwa matumbawe hai miaka zaidi ya laki moja iliyopita, wakati maji yalikuwa juu kuliko leo. Tunapima. Tunapiga picha. Tunachonga vipande, tunavipa namba. Mimi na Ndambuki, ambaye ni mwanafunzi wa Daktari wa miaka mingi. Ni mtu wa Machakos, mrefu, mcheshi, na anaogopa kaa. Leo kaa mdogo amempitia kwenye kiatu na Ndambuki akaruka na kipimo chote.

Mimi naogopa maji yenyewe. Mtu wa Mkongani nitajulia wapi kuogelea? Sisi ni mahindi na mihogo. Sikumwambia mtu.

Jioni Ndambuki amenifundisha mifupa. Ana sanduku la mifupa ya wanyama wa leo, ya kulinganishia: kasa, pomboo, papa. Na ubavu mmoja wa nguva. Nilipoubeba nilidhani ni chuma. Ubavu wa ng'ombe ndani una vijitundu, ni mwepesi. Wa nguva umejaa jiwe tupu.

"Ndiyo inamkalisha chini akikula nyasi," akasema. "Bila hiyo angeelea tu."

Nikamuuliza kama mradi umewahi kupata nguva wa kale. Akasema hapana. Daktari anamtafuta tangu Ndambuki hajamjua.

Ijumaa, 25 Julai

Mwezi umeandama, ni bamvua. Maji yamekwenda mbali sana, mwamba wote uko nje, mweusi, unang'aa. Leo hatukuwa na kazi kwa sababu ya swala. Asubuhi shangazi akanipa ndara zake za mpira na kuniambia nimfuate.

Nimewaona wanawake wa pweza kwa karibu kwa mara ya kwanza. Kila mmoja na ndoo yake na chuma chake, fimbo ndefu yenye ncha iliyopinda. Wanasalimiana vizuri, wanaulizana watoto, halafu wanatawanyika. Kila mmoja ana matundu yake ya pweza na hakuna anayesema yako wapi. Mwenzio akikaribia, unajifanya unafunga leso mpaka apite. Shangazi amefunga leso mara nyingi leo. Mimi sikuelewa, nikawa nasimama namsubiri kama mjinga.

Tulipobaki wawili akaniambia, "Swabir ni mwanamume. Mwanamume haonyeshwi haya. Na mimi goti langu si la kutegemea."

Akanipeleka kwenye ukingo wa mkondo, upande wa kusini. Mahali pa kawaida tu. Ningepita bila kugeuza kichwa. Akainama, akasogeza mwani, na chini yake pana mlango — unaopitisha kichwa cha mtu tu, umetandazwa makombe. Makombe mapya maana yake mwenyewe yumo.

Hakuwamo. Akatikisa kichwa, akasema basi tia mkono, upajue.

Nilitia mkono mpaka kwapani. Baridi. Mchanga laini. Halafu juu, kwenye dari ya tundu, vidole vyangu vikapita kwenye kitu kilichopinda, laini, kinene. Kisha kingine kando yake. Kisha kingine. Vimepangwa sawasawa.

Nilijua. Mkono ulijua kabla yangu.

"Umepajua?" shangazi akauliza.

"Nimepajua, shangazi."

Akarudisha mwani. Akaniambia mama yake ndiye aliyemwonyesha, na tangu hapo hajamwonyesha mtu. Tulirudi na pweza wawili wa matundu mengine. Njiani aliimba kidogo. Mimi nilikuwa nahesabu mbavu kichwani.

Jumamosi, 26 Julai

Nimemwambia Daktari.

Niandike ilivyokuwa. Nimeamka, nimekunywa chai, shangazi amenipa mahamri ya kupeleka kwa wenzangu. Nimefika Msambweni. Daktari alikuwa anajaza mafuta kwenye gari. Nikamwambia nimegusa mbavu. Hakuniuliza kitu — alifunga mfuniko wa tangi na kuniambia niingie.

Maji yalipopwa tukawa pale. Daktari amelala kifudifudi juu ya mwamba, tochi kichwani, kichwa ndani ya mlango. Amekaa hivyo mpaka Ndambuki akamshika mguu kuona kama yu hai. Alipotoka, uso wote mchanga.

"Nguva," akasema. "Mbavu zipo zimepangana. Na upande wa mlangoni, hapa, naona nadhani ni fuvu."

Alinipa mkono. Alisema jina langu litaandikwa kwenye makala, na kwamba mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni nimeshaupata. Ndambuki akanibeba juu kama gunia. "Husna, wewe ni noma." Nilicheka mpaka machozi. Sijawahi kupata kitu ambacho mtu mwingine alikuwa anakitafuta.

Wakapiga picha. Ndambuki akaandika namba ya mradi kwa rangi nyekundu kando ya mlango.

Nimerudi nyumbani nikiwa bado naelea. Shangazi alikuwa amepika pweza wa nazi. Akanijazia sahani. Nilitia tonge la kwanza mdomoni na hapo ndipo nilipomfikiria yeye. Siku nzima sikuwa nimemfikiria hata kidogo.

Sikusema. Nitamwambia kesho.

Jumapili, 27 Julai

Sikuwahi. Alikwenda mwambani kabla yangu.

Amerudi mchana, ndoo tupu. Ameiosha, ameianika. Amekaa kibarazani akapangusa miguu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kuuliza bei ya chumvi:

"Ile rangi nyekundu, inatoka?"

Nikasema inatoka, polepole.

"Haya."

Nilianza kueleza. Mfupa, nguva, miaka, Daktari. Aliinua mkono tu, kama unavyomzuia mtu anayekumiminia uji ukiwa umetosha.

Amenitengea chakula kama kawaida. Kitamu kama kawaida. Hilo ndilo lililonishinda.

Jumatatu, 28 Julai

Ndambuki amekwenda kuangalia, amerudi ameshika kiuno. Namba imefutwa. Imekwanguliwa na jiwe, hata alama haipo. Anadhani ni mawimbi. Daktari anadhani ni watoto. Mimi nimesema sijui.

Jioni nimeona kucha za shangazi. Nyekundu pembeni. Ametia hina juu yake, lakini rangi ya mafuta siyo hina.

Alhamisi, 31 Julai

Maji mafu sasa, mwamba hauonekani. Kazi ni kuosha na kupanga vipande vya matumbawe. Daktari ameshapata kibali cha makumbusho cha kuutoa mfupa. Watakata jiwe zima kwa mashine ya kukatia mawe, bamvua ijayo, mwezi ukiwa mpevu. Imebaki ruhusa ya kijiji.

Nimetumwa Kona ya Musa kununua plasta, magunia na kamba za kufungia mfupa ukishatoka. Muuza hadiwea ameniuliza nani amevunjika mguu, nikamwambia nguva. Hakucheka.

Nikiwa nasubiri chenji nimempigia mama. Nimemweleza yote, kelele za barabarani nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Husna," akasema, "huku kwetu shamba lina mpaka. Mkonge huu, mkonge ule, kila mtu anajua. Ukionewa unamwita chifu. Baharini utapanda mkonge wapi? Wanawake wale mpaka wao ni kunyamaza. Wewe umeung'oa."

Nikamwambia sikujua.

"Ulijua," akasema. "Ulifurahi kuliko ulivyojua. Na hilo si dhambi, mwanangu, lakini liseme kama lilivyo."

Nimebeba plasta mpaka stendi, nzito, jua kali. Liseme kama lilivyo. Haya: nilifurahi.

Jumamosi, 2 Agosti

Mkutano wa kamati ya wavuvi, kwenye banda la samaki. Saruji bado ina magamba. Wanaume mbele kwenye viti, wanawake nyuma kwenye mkeka, shangazi pembeni karibu na mizani. Mwenyekiti ni mzee Kibwana, mtu wa maneno machache na tabasamu refu.

Daktari ameeleza vizuri. Hakutaja mahali hasa, kwa kuogopa mtu asiende kuchimba usiku. Alionyesha picha kwenye laptopu — karibu sana, mfupa tu na jiwe. Hakuna ambaye angejua ni tundu gani. Watu watatu wa mradi tulijua. Na shangazi.

Maswali yalikuja. Mfupa utakwenda wapi? Nairobi, kusomwa, kisha utarudi Kwale ukipatikana mahali salama pa kuuweka. Kuna mtu akaguna. Kijana mmoja akauliza kama nguva yule alikuwa mtu nusu. Daktari akajibu bila kumcheka, nikampenda kwa hilo.

Mzee Kibwana akasema mwamba ni wa Mwenyezi Mungu, haugawanywi, kwa hiyo ruhusa si ngumu. "Kuna mwenye neno?"

Nilimtazama shangazi. Anatazama mizani. Nikaelewa hapo hapo. Akisema tundu ni langu, itabidi aseme ni lipi. Akisema ni lipi, halitakuwa lake tena. Na hata akisema, mwenyekiti ameshatamka kwamba hakuna lake.

Nikainua mkono. Sijui niliutoa wapi ujasiri. Nimesema naomba kazi isifanyike kabla ya wanawake wa pweza kuulizwa.

Mzee Kibwana akatabasamu. "Hawa hapa, binti. Haya, akina mama. Mna matundu yenu huko?"

Wanawake wakatazamana. Maimuna, yule mnene anayesemea wenzake kila mahali, akajibu, "Sisi? Sisi tunatembea tu. Tukikuta, tumekuta." Wote wakaitikia, ndiyo, tunatembea tu. Nimewaona kwa macho yangu wakifunga leso mwambani, kila mmoja juu ya tundu lake. Wamedanganya kwa sauti moja, kama wanaoitikia dua.

"Na Bi Mwanarusi?" mwenyekiti akauliza, sijui kwa nini yeye.

"Mimi sina neno," akasema.

Ruhusa imetolewa. Wamepiga makofi.

Njiani alitangulia. Tulipofika kwenye minazi ya kwanza akasema bila kugeuka, "Usinisemee tena mbele za watu."

Jumapili, 3 Agosti

Leo amezungumza. Tulikuwa tunatwanga mchele wa vitumbua, yeye mchi, mimi nachunga unga. Pengine ni rahisi kusema ukiwa na kitu cha kupiga.

Amesema mama yake alimwonyesha tundu lile mwaka aliofiwa na mume, Swabir akiwa bado ananyonya. Ndugu za marehemu walimtaka aolewe na shemeji. Akakataa. Wakamwambia utakula nini? Hakuwajibu. Alikula pweza na kuuza pweza. Tundu lile halilali tupu, ukimtoa mmoja baada ya siku chache amehamia mwingine, amelikuta na dari nzuri.

Dari nzuri. Nilijua dari ile ni nini.

"Sikukasirika kwa ajili ya jiwe," akasema. "Mawe yapo. Nilikuonyesha wewe kwa sababu nilikuona unaweza kunyamaza. Unakaa na watu husemi ovyo. Nikasema huyu anafaa."

Akatwanga. Mimi nikachunga.

"Nilikosea," nikasema.

"Ulikosea," akasema, na akaniambia niongeze mchele.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Daktari Menza kabla ya kazi. Nimemwambia lile tundu lina mwenyewe, na ni nani, na kwa nini hakusema mkutanoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Aliniomba niketi, akaketi na yeye.

Kwanza akanieleza kuhusu mfupa. Niandike, maana ni kweli pia. Kila msimu wa upepo wa kusi mawimbi yanaingia tunduni na mchanga, yanausugua. Ubavu wa kwanza ameupima, nusu yake imeshaliwa. Baada ya miaka michache hapatakuwa na kitu cha kusoma. Hakuna aliyeuweka pale ili uharibike, lakini unaharibika. Na yeye, alisema, ameutafuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Nikauliza kama tunaweza kuchukua umbo lake tu kwa plasta, tukauacha. Akasema ndani ya maji, kwa muda ule mfupi wa kupwa, plasta haishiki.

Ndambuki alikuwa mlangoni na mswaki mdomoni, akajifanya hasikii.

"Kibali cha makumbusho ninacho," Daktari akasema mwishowe. "Cha kijiji ninacho. Cha shangazi yako sina. Hakuna sheria inayonitaka niwe nacho."

Akanigeukia.

"Zungumza naye. Usimbembeleze. Mwambie yote, na haya ya mfupa kuliwa pia. Halafu aje siku hiyo, kama atapenda. Sitawasha mashine kabla hajafika."

"Na asipokuja?"

Akavua miwani akaifuta. "Sijafika hapo," akasema.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku tatu nimetafuta pa kuanzia. Leo baada ya swala ya Ijumaa alikuwa anachambua mbaazi, nikaketi nikachambua naye, nikasema.

Nimemwambia nguva yule alikufa wakati maji yalikuwa yamefunika hata hapa tulipoketi. Akazama, matumbawe yakaota juu yake, yakamfunika, yakawa jiwe. Baadaye bahari ikashuka, mawimbi yakatoboa, pweza wakaingia. Kwamba dari anayoisifu ni mbavu. Kwamba mbavu zinaliwa. Kwamba wakikata watatoa kipande kikubwa kama meza hii, na mlango utakwenda nacho.

"Nguva nimemsikia tu," akasema. "Bibi yangu aliwaona. Mimi sijapata kumwona hata mmoja, na mwambani nimezeekea."

"Hata mimi, shangazi."

Akachambua. Akatupa mbaazi mbovu kwa kuku.

"Likikatwa, pweza atarudi?"

Nilitaka kusema inshallah. Nilitaka kusema pengine patabaki shimo zuri zaidi. Nimesema, "Sijui."

"Haya," akasema. "Angalau hukuniambia atarudi."

Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja. Nimemwambia ni Jumatatu, maji yakikauka. Akasema anajua maji yanakauka lini.

Jumapili, 10 Agosti

Mashine imeletwa Msambweni kutoka kwa wakataji mawe. Ni ya petroli, ina gurudumu la meno. Ndambuki ameijaribu uani, vumbi jeupe likamfunika mpaka kope. Amefurahi kama mtoto, kisha akaniona, akajifanya hakufurahi.

Shangazi amekwenda mwambani peke yake leo. Hakuniita. Nimemwona mbali, kitone cheusi ukingoni mwa mkondo, ameinama. Hakufunga leso hata Maimuna alipopita karibu. Maimuna alisimama. Wameongea kwa muda. Sijui waliongea nini. Maimuna alipoondoka hakugeuka nyuma.

Mchana amenipikia wali na mchuzi wa papa. Nikamuuliza kama goti linauma. Akasema linauma.

Jumatatu, 11 Agosti

Naandika hapa hapa mwambani, nyuma ya daftari la kazi, kwa penseli. Karatasi imelowa pembeni.

Amekuja.

Tulikuwa tumeshafika, sisi watatu, na mashine juu ya gunia. Watu wa kijiji wachache wamesimama mchangani, hawakukaribia. Daktari aliangalia maji, akaangalia ufuo, akaangalia maji. Kisha nikamwona anatoka kwenye minazi na ndoo yake na chuma chake, kama siku yoyote, anatembea taratibu kwa sababu ya goti. Hakuja moja kwa moja. Alipita kwenye matundu yake mengine kwanza — mbele ya watu wote. Alituacha tumesimama.

Alipofika Daktari akamwamkia shikamoo, ingawa sidhani amepitwa miaka mingi. Marahaba, akasema. Akapiga magoti, akasogeza mwani.

Makombe mapya mlangoni.

"Subirini," akasema. Akaingiza chuma, akasikiliza kwa mkono. Alimtoa pweza mkubwa, amejikunja mkononi mwake mpaka kiwikoni, akamgeuza, akampiga mwambani mara chache, akamtia ndooni. Ndambuki alirudi nyuma hatua nzima. Mimi sikucheka.

Kisha akamwomba Daktari tochi.

Nilimsaidia kulala chini. Alijifunga leso kichwani vizuri, akavaa tochi juu yake, akaingiza kichwa. Miguu yake nje, nyayo nyeupe za maji. Alikaa. Maji kwenye mkondo yalikuwa yamesimama, hayaendi wala hayaji. Tulisikia sauti yake ndani ya jiwe, nadhani alikuwa anasoma dua, au anazungumza peke yake. Daktari alikuwa ameshika miwani mkononi muda wote.

Alipotoka alinishika bega kuinuka.

"Alikuwa jike?" akamuuliza Daktari.

"Siwezi kujua bado, mama. Labda kwa kichwa, tukikitoa."

"Kichwa ndicho hiki cha mlangoni?"

"Ndicho."

Akafikiri. Maji yakaanza kujaa, kidogo tu, uzi mmoja ukipita kwenye mfereji.

"Mbavu chukueni," akasema. "Zinaliwa, nimeona. Kateni kutoka juu, huku. Mlango na hicho kichwa viacheni."

Daktari alipiga magoti, akapima kwa kiganja kutoka juu, akapima tena. Alimweleza polepole kwamba fuvu ndilo linalomtambulisha nguva, kwamba mbavu bila fuvu ni nusu ya habari, na fuvu nalo litaliwa, pengine kabla ya shangazi mwenyewe kufa. Alimweleza bila kumdanganya. Shangazi alisikiliza yote.

"Nimesikia," akasema. "Litaliwa pamoja na mimi, basi."

Daktari akanitazama. Sikujua anataka niseme nini. Nilitaka fuvu. Niandike hilo, nalitaka bado, nikifumba macho naliona limeoshwa juu ya meza. Nikasema, "Amesema mlango usiguswe."

Daktari akasema itabidi apige simu makumbusho, kibali kimeandikwa mfupa wote, hawezi kukata nusu bila kuuliza. Mtandao haupo huku. Amekwenda ufuoni, anapanda kule kwenye mchanga mkavu, simu juu ya kichwa. Namwona anazunguka na kusimama, anazunguka na kusimama.

Shangazi amekaa juu ya mlango wa tundu, ndoo kando, miguu ndani ya maji. Maji yamemfika vifundoni. Hatazami ufuo. Ameniomba nimkamulie leso, nimeikamua. Amesema pweza wa leo ni mzito, tutakula na watu wa mradi, niwaambie.

Ndambuki amefunga mkononi kamba ya kuwashia mashine. Anaangalia maji, anaangalia saa, ananiangalia. Tukichelewa kidogo hatutakata kitu, mbavu wala kichwa, mpaka bamvua nyingine, na mimi wakati huo nitakuwa chuoni.

Ameniuliza sasa hivi kama aiwashe, akate upande wa juu tu, huku Daktari akitafuta mtandao.

Nimemwambia asubiri. Ameweka kamba chini.